Siku Tatu za Lita 5,110

Mama anayeuza maji kwenye kioski kimoja njia ya Wote kwenda Kathonzweni alinifungulia daftari lake kabla sijaketi. Ni daftari la shule, limejaa vijiti vya kalamu vilivyofungwa vitanovitano. Kila kijiti ni mtungi mmoja wa lita 20, na kila mtungi ni shilingi tano. "Hesabu mwenyewe, mwanangu," akasema. Nikahesabu vijiti 141 vya siku moja, yaani lita 2,820. Kifaa nilichofunga kwenye mita yake miezi minne kabla ya hapo kilikuwa kimeiambia kamati ya maji kwamba siku hiyohiyo ziliuzwa lita 5,110.

Tofauti ni lita 2,290: mitungi 114 na ushei, zaidi ya shilingi 570. Siku za namna hiyo zilikuwa tatu tangu kifaa kifungwe, na kamati ilikwisha kuanza kumkata pesa. Mashine haina jamaa wala deni dukani, walimwambia, kwa hiyo mwenye kusema uongo ni daftari.

Nilimuuliza, kwa adabu, kama huenda alisahau kuandika. Akanitazama vile mama humtazama mtoto aliyerudi nyumbani bila kiatu kimoja. "Siku ya kwanza ilikuwa ya soko, niliuza mitungi 203. Ya pili ni hiyo uliyohesabu, Jumapili. Ya tatu mvua ilinyesha usiku, punda wakaja wachache, 133. Sasa wewe uliyesoma niambie: watu wa siku hizo tatu walikutana wapi wakakubaliana wote wanunue lita 5,110?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa na taarifa zote kwenye simu, na sikuwa nimeona kwamba siku tatu mbaya zilikuwa na namba moja. Mita ile hutoa pigo moja la umeme kila lita 10 zinapopita. Ukigawanya 5,110 kwa 10 unapata 511, na aliyewahi kuandika programu za chipu ndogo akiiona 511 mahali isipotarajiwa hahitaji kuambiwa zaidi. Hiyo ni 256 jumlisha 255. Kosa halikuwa la mama, wala la mita, wala la mtandao wa simu. Lilikuwa langu, kwenye mistari michache ya programu ambayo ningeapa kwamba ni salama.

Kosa lenyewe ni la jambo ambalo mafundi wetu huliita intarapti, na ambalo kwa Kiswahili nitaliita katizo. Tuseme umekaa uani unachambua ndengu, na unatarajia wageni. Unaweza kuinuka kila dakika ukachungulie langoni. Ndengu hazitaisha, miguu itachoka, na mgeni aliyekuja na kuondoka kati ya safari zako mbili hutamwona kamwe. Au unaweza kuendelea na ungo wako, na mgeni akifika apige hodi. Ukisikia hodi unaweka alama pale ulipofika, unaitika, unapokea ujumbe, unarudi kwenye ndengu zako. Chipu hufanya vivyo hivyo. Waya wa mita ukibadilika, chipu inaacha amri iliyokuwa ikifuata, inahifadhi mahali ilipofika, inaruka hadi kwenye kipande kifupi cha programu kilichowekwa kwa ajili ya mgeni huyo, inakitekeleza, kisha inarudi. Kwenye ATmega328P, chipu iliyo ndani ya bodi za Arduino Uno zilizojaa vyuoni kwetu, kuitika huko huanza baada ya mapigo manne tu ya saa ya chipu. Kipande hicho kifupi nitakiita mpokezi.

Hodi ina raha yake, na ina hatari ambayo kuchungulia hakuna. Anayechungulia ndiye anayechagua wakati. Hodi humchagulia. Inaweza kuja katikati ya amri zozote mbili za programu yako, pamoja na zile mbili ambazo hukuwahi kudhani kwamba kuna nafasi kati yake. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilihusu kazi hii kwenye kompyuta ya Electrologica X1, aliogopa alipoletewa mashine yenye makatizo, kwa sababu alitambua kwamba makosa yake hayatarudiwa kwa kupenda. Programu ya kawaida ikikosea, unaiendesha tena na inakosea palepale. Ya makatizo inakosea leo, inakaa kimya hadi mwezi ujao, na siku fundi anapofika inafanya kazi vizuri kama mtoto mbele ya mgeni.

Nirudi kwenye 511. Mpokezi wangu alifanya kazi moja: kila pigo la mita, aliongeza moja kwenye hesabu ya siku. Hapo hapakuwa na neno. Hesabu yenyewe ilikuwa namba ya biti 16, lakini ATmega328P, ambayo ndiyo iliyokuwa pia kwenye kifaa changu, hubeba biti nane, yaani baiti moja, kwa safari moja. Kusoma namba ya biti 16 basi ni safari mbili: kwanza baiti ya chini, kisha ya juu. Fikiria hesabu imefika 255. Kwa baiti mbili hiyo ni sifuri juu na 255 chini. Programu kuu inasoma baiti ya chini: 255. Papo hapo lita kumi nyingine zinatimia kwenye mita, hodi inapigwa, mpokezi anaongeza moja, hesabu inakuwa 256, yaani moja juu na sifuri chini. Mpokezi anaondoka. Programu kuu, isiyojua kwamba kulikuwa na mgeni, inamalizia safari yake ya pili na kusoma baiti ya juu: moja. Inaziunganisha. Moja juu, 255 chini. Mia tano kumi na moja.

Namba hiyo haikuwahi kuwepo kwenye mita. Nusu yake ilitoka kabla ya pigo na nusu baada yake, kama picha ya mtu aliyepepesa jicho moja. Mzunguko uliofuata programu ilisoma 256 sahihi, na mambo yangeishia hapo kama nisingeongeza ujanja wangu. Nilidhani kwamba hesabu ya siku haiwezi kushuka, kwa hiyo taarifa ya jioni niliiandika ichukue usomaji wa juu kabisa wa siku. 511 ya uongo ikaketi kitini na kukaa hadi saa kumi na mbili jioni, ikatumwa kwa kamati ikiwa imevaa suti ya lita 5,110. Kioski kile hakijawahi kuuza lita 5,120 kwa siku, kwa hiyo hakuna kilichoweza kuipiku.

Mwanya wa hatari, kati ya safari ile ya kwanza na ya pili, ni mapigo mawili ya saa. Kwa chipu yangu iliyokwenda megahezi 8 hiyo ni robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndiyo maana watu husema "haiwezi kutokea". Lakini mzunguko mkuu wa programu yangu ulisoma hesabu ile bila kupumzika, na mzunguko mzima ulichukua mapigo kama 80. Mawili kati ya themanini ni moja kati ya arobaini. Karibu kila siku hesabu ilivuka 256 mara moja. Siku 120, nafasi moja kwa arobaini: mara tatu. Kifaa hakikuwa na mkosi. Kilikuwa kinafuata hesabu ambayo mimi nilikataa kuifanya.

Jaribio la mezani nalo linastahili kutajwa, maana wengi watasema nilikosa kupima. Nilipima. Niliipa bodi mapigo 1,000 kutoka kwenye mashine ya kuzalisha mapigo, ikahesabu 1,000 kamili, nikapiga picha na kuituma. Lakini hata kama 511 ya uongo ilijitokeza njiani, ilifunikwa na 512, 600, 700 za kweli zilizokuja baadaye. Iliyoweza kuniumbua ni 1,023 peke yake, ambayo ingetokea kwenye kuvuka 768, na kwayo nilikuwa na nafasi moja kati ya arobaini. Haikutokea. Jaribio lililofaulu lilithibitisha tu kwamba lilikuwa refu kupita kiasi.

Dawa ni fupi kuliko maelezo. Kabla ya kusoma, funga mlango wa makatizo. Nakili baiti zote mbili. Rudisha mlango ulivyokuwa. Pigo likija katikati halipotei, chipu huliwekea alama na kulihudumia mlango ukifunguliwa. Angalia nilivyosema urudishe mlango ulivyokuwa, sikusema uufungue. Aliyekuita huenda naye alikuwa ameufunga kwa sababu zake, na ukiufungua bila kuuliza umemvulia nguo mbele ya watu. Tena mweleze kikusanyi cha programu kwamba namba hiyo hubadilishwa na mkono mwingine; lugha ya C ina neno la hilo, na bila neno hilo programu inaweza kushikilia nakala ya zamani milele. Lakini neno hilo halizuii 511. Nimekutana na vijana wengi waliofundishwa kuliandika na kuamini kwamba ni hirizi.

Kuna anayeniambia: acha chipu za biti nane, nunua za biti 32. Ni kweli kwamba hizo husoma namba ya biti 16 au 32 kwa safari moja. Lakini kuongeza moja bado ni hatua tatu, kusoma, kujumlisha, kurudisha, na mikono miwili ikiongeza namba moja kwa wakati mmoja, mmoja utafuta kazi ya mwenzake. Umehamisha mwanya tu.

Yaliyobaki nitayapitia upesi, kwa sababu yanafanana. Mpokezi mbaya kuliko wote niliyewahi kumwona alikuwa ndani ya kifaa cha kupima kina cha tangi, upande wa Mutomo. Maji yakishuka chini ya alama, mpokezi mwenyewe alijaribu kutuma SMS, na katikati akaamriwa angoje sekunde mbili modemu iamke. Kwenye Arduino, kungoja huko hutegemea saa ambayo nayo husogezwa na makatizo, na mpokezi akiwa kazini makatizo mengine yote hufungiwa nje. Yaani amesimamisha saa ya ukutani, kisha ameketi chini yake kusubiri dakika mbili zipite. Kifaa kiliganda. Kwa miezi kadhaa waliambiwa kwamba ni mtandao.

Halafu kuna alama ya mlangoni. Mgeni akikuta mlango umefungwa chipu huacha alama moja, na wageni watatu wakija mfululizo alama hubaki moja. Ukifunga mlango kwa muda mrefu, mapigo mawili hayatajulikana kwamba yaliwahi kuwepo. Kuna na kudunda. Swichi ya sumaku iliyo ndani ya mita haigusani mara moja ikatulia. Hudunda kwa muda unaofika milisekunde, na chipu husikia hodi tano pale ambapo amekuja mtu mmoja. Bomba la kioski likitoa nusu lita kwa sekunde, pigo la kweli huja kila sekunde 20, kwa hiyo kupuuza chochote kinachofuata ndani ya milisekunde 50 hakupotezi tone. Kinachosumbua zaidi ni maji yanaposimama sumaku ikiwa ukingoni kabisa mwa swichi, bomba likitetemeka. Hapo mita hujihesabia usiku kucha watu wamelala, na milisekunde zako 50 hazisaidii kitu. Nunua mita yenye swichi mbili, pigo lihesabiwe tu baada ya zote mbili kupitiwa kwa mpangilio.

Umeme pia. Modemu za GSM za bei yetu huvuta hadi ampea 2 kwa vishindo zinapotuma, betri iliyochoka huinama, na chipu hujiwasha upya. Hesabu iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda imekwenda. Basi fundi anaamua kuiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu kila pigo, tena ndani ya mpokezi. Kumbukumbu hiyo kwenye ATmega328P imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 pahali pamoja. Kioski chenye mapigo 300 kwa siku kinaimaliza ndani ya siku 333. Kifaa kimekuja na dhamana ya mwaka mmoja, na kinakufa mwezi mmoja kabla. Andika kila pigo la kumi, kwa zamu kwenye vyumba tofauti, na uandikie kwenye mzunguko mkuu, maana uandishi mmoja unachukua zaidi ya milisekunde tatu.

Kwa nini niwachoshe wasomaji wa Kitui na Makueni na haya? Kwa sababu wazo la kuipa pampu ya maji sauti yake lilijaribiwa hapa mapema. Mwaka 2012 Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha maelezo ya kifaa cha bei nafuu kinachokaa ndani ya mkono wa pampu: sensa ya mwendo, chipu ndogo na modemu ya GSM. Mkono ukipanda na kushuka kifaa kinahesabu, kisha kinatuma hesabu kwa SMS. Kilijaribiwa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, kwenye pampu za Afridev zilizotawanyika kwenye nchi kavu. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio la Kyuso muda huo ulishuka chini ya siku tatu. Kutoka hapo ikazaliwa FundiFix, kampuni ya matengenezo inayofanya kazi Kitui na Kwale.

Watu huieleza hadithi ya Kyuso kama hadithi ya simu. Mimi naiona kama hadithi ya hodi, ila yenye kona moja ambayo wanaoiga huikosa. Afisa anayezunguka kwa pikipiki akikagua pampu moja baada ya nyingine ni yule mchambua ndengu anayechungulia langoni, na siku 27 ndiyo bei yake. Lakini pampu iliyovunjika haipigi hodi! Mkono wake hausogei, sensa haina cha kusema, katizo halitokei. Ujumbe wa kuvunjika ni ukimya, na ukimya una baba wengi. Huenda pampu imekufa. Huenda kifaa chenyewe kimekufa. Huenda mvua za Oktoba hadi Desemba zimefika, watu wanakinga maji mabatini na kuchota kwenye mabwawa ya mchanga, na pampu imepumzika ikiwa nzima. Watafiti walionyesha baadaye kwamba matumizi ya pampu hushuka mvua inaponyesha. Kwa hiyo kifaa cha aina hii kinapaswa kuripoti kwa saa maalumu, kiwe na cha kusema au kisiwe nacho. Sifuri iliyotumwa na taarifa isiyofika ni habari mbili tofauti, na anayezichanganya atampeleka fundi Tseikuru kutengeneza pampu isiyo na kasoro.

Kwa sababu hiyohiyo ndani ya chipu tunaweka soja: kipima muda kinachoiwasha upya programu iliyoganda, isipokuwa programu yenyewe imjulishe kila mara kwamba iko macho. Sharti mzunguko mkuu ndio umjulishe. Nimeona programu ambamo soja anajulishwa na mpokezi wa katizo la saa. Saa haigandi hata kama kila kitu kingine kimeganda, kwa hiyo soja huyo anahakikishiwa amani na mtu aliye nje ya boma huku ndani kunaibwa.

Nina neno kwa wanaonunua. Zabuni za vifaa vya maji ninazoletewa nizisome huuliza rangi ya sanduku, uwezo wa betri, na kama kuna programu ya simu yenye grafu. Sijaona hata moja inayodai jaribio la kulinganisha: mita ya mkono na kifaa, bomba moja, siku 30, hesabu zisomwe kila siku na zisisubiriwe mwisho wa mwezi. Jaribio hilo halihitaji mhandisi. Linahitaji mtu wa kamati, kalamu, na ruhusa ya kumkatalia muuzaji. Na vyuo vyetu vya ufundi, ambavyo huwafunza vijana kuwasha taa kwa kubonyeza swichi na kuliita hilo somo la makatizo, viwape siku moja waiwinde 511. Inapatikana mezani kwa dakika chache: mapigo ya haraka, usomaji wa mfululizo, na mstari mmoja wa kupiga kelele usomaji unaporuka zaidi ya moja. Aliyeiona ikitokea kwa macho yake hatasahau kufunga mlango.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikao cha kamati chini ya mwembe, nikiwa na kalamu na karatasi mbili, moja ya baiti ya juu na moja ya chini. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa karani wa ghala la nafaka, alinielewa kabla ya wote. "Ni kama kuhesabu magunia lori likiendelea kupakuliwa," alisema. Ndivyo hasa. Alivyosema ni bora kuliko nilivyokuwa nimepanga kusema.

Mama alirudishiwa pesa za siku zote tatu. Kifaa kina programu mpya, na hesabu yake na ya daftari hazijapishana kwa zaidi ya mtungi mmoja kwa siku. Vijiti bado vinaandikwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiomba kamati isimzuie kuviandika.